Picha 14,000 za Majani ya Mihogo: Je, Tuzikabidhi kwa Taasisi ya Sayansi ya Data?

"Mtaalamu, salaam. Mimi ni mtafiti msaidizi katika kituo cha utafiti wa kilimo, Kanda ya Ziwa, na nina stashahada ya kilimo. Kwa miaka minne nimekuwa nikipiga picha za majani ya mihogo kwa simu, katika mashamba ya kituo na ya wakulima, na kuandika kwenye daftari kama mmea ni mzima, una batobato, au una michirizi ya kahawia. Sasa nina picha zipatazo 14,000. Mwezi uliopita taasisi moja ya ng'ambo inayounganisha vyuo vikuu kadhaa katika sayansi ya data ilimwandikia mkuu wetu ikiomba ushirikiano: sisi tutoe picha, wao watengeneze modeli ya kutambua magonjwa. Wanasema jaribio la awali, kwa picha 2,000 tulizowatumia, limefikia usahihi wa asilimia 98. Wenzangu wamegawanyika. Wapo wanaosema tunaibiwa, na wapo wanaosema mashine imeshamaliza kazi na mabwana shamba hawatahitajika tena. Mimi hesabu niliziacha kidato cha nne na sijui kuandika programu. Je, tuwape picha zote? Na mimi nibaki mpiga picha tu, au nina nafasi nyingine katika kazi hii?"

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili, lakini nikiisoma barua yako kwa utulivu naona hofu moja inayoyabeba yote mawili: kwamba kazi ya miaka minne ya kuwahi shambani kabla jua halijawa kali itaishia kwenye kompyuta za watu wengine, jina lako lisionekane popote, kisha itoke mashine inayodai kujua kila ulichokijua wewe. Hofu hiyo ina msingi na sitaibeza. Nitakueleza taasisi za namna hiyo hufanya kazi vipi, hiyo asilimia 98 inaweza kuwa imetoka wapi, na kwa nini ninaamini kwamba madaftari yako yana thamani kuliko picha zenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba taasisi ya sayansi ya data ni ghala la kompyuta linalomeza chochote kinachotupwa ndani yake na kutoa majibu. Sivyo. Nyingi zilianzishwa kwa sababu wenye data na wenye mbinu za kuzichambua walikuwa wakifanya kazi katika majengo tofauti bila kujuana. Taasisi ya Alan Turing ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2015 na vyuo vikuu vitano, yaani Cambridge, Edinburgh, Oxford, University College London na Warwick, ikapewa makao katika Maktaba ya Uingereza jijini London, ili mwanahisabati, mtaalamu wa kompyuta na mtu mwenye tatizo halisi wakutane chini ya paa moja. Taasisi ya akili mnemba iitwayo Mila, ya Montréal nchini Kanada, iliyokua kutokana na kazi ya Profesa Yoshua Bengio, inawakutanisha watafiti wa Université de Montréal na McGill. Barani kwetu, mtandao wa AIMS, yaani Taasisi za Kiafrika za Sayansi za Hisabati, ulianza mwaka 2003 huko Muizenberg, karibu na Cape Town, na mwaka 2018 ulifungua jijini Kigali shahada ya uzamili inayohusu ujifunzaji wa mashine, yaani kuifundisha kompyuta kwa mifano. Kampala wana maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Makerere, ambayo nitairudia kwa sababu imeshughulika na mihogo hasa.

Taasisi hizi hazilingani kwa utajiri wala kwa umri, lakini upungufu wao ni mmoja: hazina mashamba, hazina wodi za wagonjwa, hazina mbu. Alan Turing wamekuwa na utaratibu wa kukusanya watafiti kwa siku chache ili wachambue data za taasisi nyingine iliyoleta tatizo lake, na bila mleta tatizo siku hizo hazina kazi. Kwa hiyo barua aliyoandikiwa mkuu wenu msiisome kama msaada unaotolewa kwenu. Ni ombi, na anayeombwa ana haki ya kuuliza.

Ushirikiano wa aina hii unaweza kwenda vizuri, na mfano uko nyumbani. Taasisi ya Afya Ifakara ilifanya kazi na Chuo Kikuu cha Glasgow na wenzao wa Burkina Faso juu ya swali ambalo kwa macho haliwezekani kabisa: mbu huyu ana umri gani? Umri una maana kubwa, kwa sababu vimelea vya malaria huhitaji takribani siku kumi au zaidi ndani ya mbu kabla hajaweza kuambukiza, hivyo mbu mchanga hana hatari aliyonayo mbu mzee. Walimulika mbu waliokaushwa kwa mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho, ambao hufyonzwa kwa namna tofauti kadiri kemia ya ngozi ya mbu inavyobadilika, kisha wakaifundisha mashine kuzisoma tofauti hizo. Glasgow ilikuwa na ujuzi wa mwanga na hesabu, lakini mashine hujifunza umri kwa kuonyeshwa mbu ambao umri wao unajulikana kwa yakini, na hao walipaswa kufugwa, kulishwa na kuhesabiwa siku kwa siku na watu wanaomjua mbu. Tena ilibidi watumike mbu waliokulia katika mazingira mbalimbali ya Afrika Mashariki na Magharibi, kwa maana mbu aliyelelewa maabara peke yake hawakilishi mbu wa kijijini. Makala yao ilipotoka mwaka 2022, majina yaliyotangulia yalikuwa ya watafiti wa Ifakara pamoja na wenzao wa Burkina Faso na Glasgow.

Sasa tuitazame asilimia 98, maana hapa ndipo ninapotaka ukae nami kwa muda.

Picha ya jani ndani ya kompyuta ni jedwali la namba tupu, kila namba ikieleza kiasi cha wekundu, ukijani au ubluu wa nukta moja. Modeli huanza bila kujua lolote: haijui jani, haijui mhogo, haijui ugonjwa. Huonyeshwa picha, hubahatisha jibu, huambiwa limekosewa kiasi gani, kisha hurekebisha maelfu au mamilioni ya namba zake za ndani kidogo kidogo ili mara nyingine ikosee pungufu. Zoezi hilo hurudiwa mara nyingi mno. Mwishowe modeli hushika chochote kile kinachotenganisha makundi uliyoipa, na neno la kuangalia hapo ni "chochote". Kama kinachoyatenganisha ni madoa ya jani, itajifunza madoa. Kama kitu kingine kinayatenganisha kwa urahisi zaidi, itajifunza hicho, na haitakuambia.

Niliwahi kufanya kazi na kikundi kimoja kilichokuwa na matokeo mazuri namna hiyo kwa majani ya zao jingine. Tulifurahi kwa wiki nzima. Kisha mmoja wetu akapendekeza jaribio dogo: tuliziba jani lote kwa kibandiko cheusi katika kila picha, tukabakiza ukingo tu, tukairudishia modeli. Ikaendelea kutaja magonjwa kwa usahihi karibu uleule, ilhali hakukuwa na jani la kutazama. Wataalamu wa kompyuta walikaa siku mbili wakichunguza programu yao. Aliyetatua fumbo ni fundi wa shamba aliyepita kuleta funguo, akatazama kioo cha kompyuta na kusema kwamba picha zote za mimea mizima zilipigwa kwenye bustani ya kituo, penye udongo mwekundu uliopaliliwa, na za mimea iliyougua zilitoka kwa wakulima waliochanganya zao hilo na mahindi. Modeli ilikuwa imejifunza kutambua udongo mwekundu. Ingepelekwa kijijini ingemwambia kila mkulima mwenye mahindi kwamba shamba lake linaumwa.

Ndiyo maana nakuuliza: zile picha 2,000 zilipigwa wapi, kwa simu ngapi, na nani? Kama za mimea mizima zilitoka zaidi kwenye mashamba ya kituo na za michirizi zikatoka kwa wakulima, au kama simu ilibadilishwa mwaka wa tatu na mwaka huohuo ndipo mlipoanza kufuatilia michirizi kwa bidii, basi modeli inaweza kuwa imejifunza simu. Anayeweza kulijibu swali hilo ni wewe, na kwa kuwa wale wa ng'ambo walipokea faili zenye majina ya namba, hata wangekuwa waaminifu kiasi gani hawana pa kulijulia.

Liko jambo la pili, nalo ni la kawaida zaidi. Ili kuipima modeli, data hugawanywa mafungu mawili, moja la kuifundishia na jingine la kuifanyia mtihani. Nadhani, kama wengi tunavyofanya, hukupiga picha moja kwa kila mmea. Ulipiga tatu au nne kutoka pande tofauti ili mojawapo itoke vizuri. Picha hizo zikichanganywa kama karata na kugawanywa bila kujali mmea, mbili zitaingia kwenye kufundishia na ya tatu itaangukia kwenye mtihani. Huo ni mtihani uliovuja. Mwanafunzi aliyekariri atapata alama za juu na hutajua kama ameelewa. Mgawanyo wa haki hufanywa kwa shamba zima au kijiji kizima: modeli ifundishwe kwa mashamba fulani, ipimwe kwa mashamba ambayo haijawahi kuyaona. Mara nyingi alama hushuka, na hiyo alama iliyoshuka ndiyo ya kweli.

Kuna rekodi za watu waliotangulia kwenye zao hilihili. Mwaka 2017 watafiti walichapisha modeli ya magonjwa ya mihogo iliyofundishwa kwa picha zilizopigwa mashambani Tanzania, ikapata asilimia 93 kwa jumla. Miaka miwili baadaye walichapisha matokeo ya modeli ya simu kwa picha za mazingira halisi, na kipimo chao kikuu kilishuka kwa asilimia 32 hata kwa dalili zilizojitokeza waziwazi, kwa sababu modeli ilikuwa inaipita mimea yenye ugonjwa bila kuitambua. Nawaheshimu kwa kuyachapisha hayo. Makerere nao, pamoja na watafiti wa mazao wa Namulonge, Uganda, waliozipa picha lebo (jina la ugonjwa kwa kila picha), walitoa zaidi ya picha 21,000 za mihogo, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima wenyewe, kwa mashindano ya wazi yaliyomalizika mapema mwaka 2021 kwenye Kaggle, jukwaa la mtandaoni la mashindano ya data. Timu zaidi ya 3,000 ziliingia, zikiwa na kompyuta na ujuzi wa kila namna, na za juu kabisa ziliishia kwenye asilimia 91 hivi. Tena zaidi ya nusu ya picha hizo zilikuwa za batobato, maana yake mtu ambaye angejibu "batobato" kwa kila picha bila kufumbua macho angepata zaidi ya nusu ya alama. Kwa hiyo ukiambiwa asilimia 98 kwa picha 2,000, usiwatuhumu kwa uongo. Waombe kwa upole wapime upya kwa kugawanya kwa mashamba, na wakupe alama ya kila ugonjwa peke yake.

Sasa nije kwenye madaftari yako. Unajua kuliko mimi kwamba batobato hujionyesha kwenye majani machanga ya juu, yakijikunja na kuwa na mabaka, ilhali michirizi ya kahawia huanza kwenye majani yaliyokomaa ya chini, tena kwa baadhi ya mbegu jani halionyeshi lolote hadi siku mkulima anapochimba na kukuta mzizi umeoza kwa ndani. Sasa fikiria picha ambayo daftari linasema "mzima". Je, ulitazama jani la juu tu? Ulichimba? Ilikuwa mbegu gani? Lebo si ukweli wenyewe. Ni kauli ya mtu aliyesimama mahali fulani siku fulani na kutazama kitu fulani, na ni vigumu modeli kuwa bora kuliko kauli ilizofundishwa. Magonjwa haya yamesomwa katika ardhi hii muda mrefu: batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894 kutoka maeneo ya Usambara, na michirizi ya kahawia mwaka 1936 kutoka kituo cha Amani, milima ileile. Muda wote huo elimu imeingia kwenye vitabu kupitia watu waliochimba, wakakata mzizi na kuandika walichokiona, na wewe uko kwenye mstari huo.

Kwa hiyo jibu kwa wenzako wanaosema mabwana shamba wamekwisha ni kwamba ushahidi hausemi hivyo. Programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha kitropiki, na inayofanya kazi bila intaneti, ilipimwa shambani na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2020. Kwa jani moja ilikuwa sahihi kwa asilimia 65; ilipotazama majani sita ya mmea mmoja ilifika kati ya asilimia 74 na 88. Iliwapita maafisa ugani na wakulima waliopimwa pamoja nayo, na jambo hilo yafaa tulikubali bila kinyongo, kwa sababu maafisa ugani wengi hawajawahi kupewa mafunzo ya kutosha ya magonjwa haya. Lakini angalia kilichoiinua: majani sita badala ya moja. Hiyo ni kanuni ya mtu wa shamba, ya kuuzunguka mmea kabla ya kusema. Na baada ya simu kutaja ugonjwa, bado yupo mkulima wa kushawishiwa ang'oe mimea aliyoipanda mwenyewe, na zipo pingili safi za kumtafutia.

Tuje kwenye kutoa picha au kutozitoa. Kuwapa vyote leo, kwa barua pepe, kwa shukrani, ni njia rahisi na siipendekezi. Kuzifungia kabatini nako siko tayari kukushauri, kwa kuwa nimeona data nyingi zikifa hivyo, diski ikiharibika au mwenye kujua akihamishwa kituo. Tena usidhani kwamba kila data iliyotolewa wazi imeibwa. Benki ya data za protini ilifunguliwa mwaka 1971, na kwa miongo mitano wanasayansi wa dunia nzima waliweka humo maumbo waliyoyapata kwa jasho, kila umbo likiwa na namba yake na majina ya walioliweka. Bila hazina hiyo ya maumbo takribani 170,000 programu ya AlphaFold, inayokisia umbo la protini, isingefundishika, na sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilitokana na kazi hiyo. Uwazi ule ulifaa kwa sababu ulikuwa na kanuni, na kila mchango ulitambuliwa.

Njia ninayoiona inawafaa ni ya hatua. Kwanza mfanye nao kazi kwa sehemu ya picha, tuseme mashamba ya miaka miwili, mkiwa na makubaliano ya maandishi. Mashamba yaliyobaki mkae nayo wenyewe, lebo zake zisitoke, yawe mtihani ambao hauwezi kuvuja kwa sababu uko kwenu. Watakapoleta modeli mtaipima ninyi. Ukiwa unashika karatasi ya majibu hutakuwa mpiga picha tena, na mshirika mwenye nia njema atakubali bila kusita, kwa kuwa naye anahitaji kipimo anachoweza kukiamini. Njia hii ina gharama zake: itachukua muda, itahitaji mtu wa kituo apangiwe kazi hiyo rasmi, na yaelekea mtaambiwa kwamba mnachelewesha mradi wenye tarehe za mfadhili. Mkubali kuharakisha makaratasi, si kupunguza hatua.

Katika makubaliano hayo naomba mambo machache yasikosekane. Yaandikwe matumizi ya picha, na matumizi mengine yahitaji ruhusa mpya. Yaandikwe majina ya watakaokuwa waandishi wa makala, au walau kigezo cha kuwapata, kabla makala haijaanza kuandikwa. Aliyebuni ukusanyaji, akakusanya, akatoa lebo na akasaidia kufasiri matokeo amefanya kazi ya mwandishi, na kumweka kwenye aya ya shukrani hakutoshi. Modeli iliyokamilika ibaki kwenu pia, ikiwa katika hali ya kuendeshwa kwenye simu na kompyuta mlizonazo. Na msikubali kifungu kinachowapa wao peke yao haki ya kutumia picha zenu, hata kwa mwaka mmoja, kabla mwanasheria hajakisoma.

Jani la muhogo halina faragha, lakini mwenye shamba anayo. Simu nyingi huandika mahali picha ilipopigwa ndani ya faili lenyewe, na daftari lako bila shaka lina majina na namba za simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inaweka masharti kwa taarifa za watu zinazopelekwa nje ya nchi. Kabla ya kutuma chochote kingine, badilisha majina yawe namba, punguza usahihi wa mahali hadi kiwango cha kata au kijiji, na ule ufunguo wa namba na majina ubaki kituoni. Jiulize pia kama wakulima waliambiwa picha zitatumika kwa nini. Kama hawakuambiwa, safari ya kurudi kuwaambia ni sehemu ya utafiti, na kwa uzoefu wangu hupokewa vizuri kuliko tunavyoogopa.

Kuhusu elimu yako, nitasema wazi. Usisubiri kuwa mtaalamu wa programu ndipo uingie. Ujuzi unaohitajika kwanza ni wa kupanga jedwali: kila picha mstari mmoja, na nguzo za tarehe, shamba, mmea, mbegu, umri wa mmea, nafasi ya jani, simu, aliyetoa lebo, na kama mzizi ulichimbwa. Hisabati ya kidato cha nne, ukizirudia asilimia, wastani na uwezekano, inatosha kuelewa matokeo ya modeli na kuyahoji. Baadaye Python, lugha ya kuandikia programu, utaijifunza kwa miezi kadhaa ya jioni, ukianza na kufungua picha zako mwenyewe na kuzihesabu kwa shamba na kwa ugonjwa. Ukitaka kwenda mbali zaidi, stashahada haikupeleki AIMS moja kwa moja, kwa kuwa wanapokea wenye shahada ya kwanza yenye hisabati ya kutosha. Itakubidi upite kwenye shahada kwanza, na hiyo ni miaka. Lakini mikutano ya Deep Learning Indaba, iliyoanza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Nairobi mwaka 2019, huwakutanisha Waafrika wanaofanya kazi hii, na Chuo Kikuu cha Dodoma na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wana watu wa kukusikiliza kwa Kiswahili. Mimi ningemwomba mkuu wenu amkaribishe mmoja wao, au mtu wa Makerere, awe mshirika wa tatu. Mtu wa karibu anaweza kuja kutembea shambani mara ya pili na ya tatu, na hilo mtaalamu wa ng'ambo atalipata kwa nadra.

Yako mambo ambayo jibu langu la maandishi haliwezi kuyamaliza, na kwa hayo nenda kwa mtu ana kwa ana. Makubaliano yasomwe na mwanasheria wa taasisi yenu kabla ya saini yoyote, hata kama ni kurasa mbili. Ikiwa watafiti wa nje watakuja kukusanya data pamoja nanyi, COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, ndiyo inayotoa kibali, na ni vema mkuu wenu aulize mapema. Ikitajwa popote kwamba majani, pingili au vinasaba vitasafirishwa, simamisheni kwanza, maana hapo mmetoka kwenye picha na kuingia kwenye sampuli, na taratibu zake ni nyingine kabisa. Na kabla ya hatua ya pili ya mradi, mtafuteni mtaalamu wa takwimu akae nanyi siku nzima mezani na madaftari yakiwa wazi. Asiyetaka kuyaona madaftari hafai kazi hii.

Wakati makaratasi yakizunguka ofisini, kuna kazi ambayo haihitaji ruhusa ya mtu wala fedha. Zikusanye picha za asili kutoka kwenye simu na kadi zilizopigiwa, si zile zilizopitia WhatsApp, kwa sababu huko hubanwa na kupoteza ubora pamoja na taarifa za tarehe na mahali. Zinakili kwenye diski mbili zinazokaa vyumba tofauti. Kisha ufungue daftari la mwaka wa kwanza, ambalo kumbukumbu yake ndiyo inayofifia mapema, uandike pembeni mwa kila safari yale ambayo hukuyaandika wakati ule: ulikuwa na simu ipi, nani alifuatana nawe, mbegu iliitwaje kwa jina la wenyeji, mvua ilikuwa imenyesha au la, na ni mimea ipi mliyoichimba. Pale usipokumbuka, acha nafasi wazi na umuulize mliyekuwa naye. Barua ya kuwaomba wale wa ng'ambo wapime upya kwa kugawanya kwa mashamba inaweza kwenda wiki hii hii, kupitia kwa mkuu wenu, ikiwa na jedwali la zile picha 2,000 likionyesha kila moja ilitoka shamba gani na ilipigwa kwa simu gani.